Mtu Ndani ya Tufe

8 Septemba

Leo wameanza kupiga filamu kule milima ya Rodopi, na mimi hapa Sofia nimeanza kumfuta baba.

Ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Filamu inamhusu mzee wa zamani aliyezunguka vijijini na dubu wa kucheza ngoma. Siku hizi hairuhusiwi kumtoboa dubu pua na kumfunga mnyororo, kwa hiyo dubu wetu atachorwa kwa kompyuta. Dubu wa kompyuta hana jua wala kivuli chake. Ili aonekane kweli amesimama chini ya mti fulani, lazima tujue mwanga pale chini ya mti ulitoka wapi, ulikuwa mkali kiasi gani, wa rangi gani. Basi kila wakimaliza kipande kimoja, baba, aliye huko na kikosi cha filamu, anachukua tufe la chuma lililosuguliwa hadi likawa kioo, analiweka pale pale atakaposimama dubu, analipiga picha. Ndani ya tufe kunaonekana kila kitu kilicholizunguka: mbingu, taa, miti, hata gari la chakula. Kompyuta inausoma mwanga humo.

Tatizo ni kwamba katikati ya tufe, kila mara, anaonekana na mpiga picha mwenyewe. Huyo hatakiwi, maana dubu akifika pale yeye hayupo. Kwa hiyo baba analipiga tufe kutoka upande huu, anazunguka, analipiga kutoka upande wa pili, na mimi nachukua kwenye picha ya pili kile alichokiziba kwenye ya kwanza. Nambandika mlima juu yake, anapotea.

Kaloyan, bosi wetu, alicheka peke yake wakati ananikabidhi kazi. "Bilyana, hapa ofisini ni wewe tu unayelipwa kumfuta baba yako. Wengine tumewafuta wetu bure."

Nilimwambia anywe kahawa yake.

11 Septemba

Matufe manne. Baba wanne. Wote nimewafuta kabla ya chakula cha mchana.

15 Septemba

Koti lake jekundu la mvua litaniua. Hata nikishamfuta yeye, wekundu wa koti unabaki kwenye mawe ya karibu, na dubu wa majaribio ametoka na shavu la pinki kama bibi harusi. Nimempigia.

"Baba, livue hilo koti. Limepaka rangi hadi mawe."

"Huku kuna baridi, mwanangu."

"Si unalo lile la kijivu?"

"La kijivu hakuninunulia mama yako."

Akishamtaja mama mjadala umekwisha, anajua hilo. Nikahamia jambo la pili. "Na hiyo kofia unaiinua ya nini? Kila picha mkono uko juu. Nafuta mtu, halafu nafuta na tawi lake."

"Jua linanichoma utosini. Najipepea."

"Picha ya leo ina mawingu matupu!"

"Futa tu, mwanangu."

20 Septemba

Shangazi Pavlina, dada yake baba, amekuja na magunia mawili ya pilipili hoho. Tumechoma tangu asubuhi kwenye roshani, jengo zima linanuka hoho za kuungua, na vidole vyangu vimebabuka kwa kuzimenya. Shangazi anaishi ghorofa ya chini yangu na hunikagua kama mkaguzi wa mita.

"Baba yako anakula huko?"

"Nitajuaje, shangazi? Mimi namwona akiwa na ukubwa wa punje ya mahindi."

"Mpigie basi, umuulize."

"Tunaongea ya kazi."

Akasonya. Yeye ni dada mtu, anaweza kusonya. Mimi nina albamu tatu za utotoni ambazo baba hayumo hata kwenye picha moja. Birthdei, bahari ya Varna, siku ya kwanza ya shule na maua yangu: yeye ndiye alikuwa nyuma ya kamera, au alikuwa mlimani na filamu ya watu wengine. Mama alipofariki aliteremka kutoka milima ya Rila na matope kwenye buti, akazika, akapanda tena kesho yake. Kelele sikupiga. Niliacha tu kuongea naye mambo ya nyumbani, na yeye hakuuliza kwa nini. Ndiyo maana naona ni kichekesho kikavu kwamba sasa hivi, nikiwa mtu mzima, baba yumo kwenye kila picha inayofika mezani kwangu, na kazi yangu ni kumwondoa.

29 Septemba

Matufe sita. Koti linampwaya. Nadhani amenunua suruali nyembamba.

3 Oktoba

Mvua. Leo anapiga akiwa amekaa juu ya sanduku la nyaya. Uzee unakuja na uvivu. Kofia bado anaiinua.

9 Oktoba

Hii sasa imezidi. Matufe matano yamekuja na upande mmoja tu. Bila upande wa pili sina cha kubandika, nabaki na mlima wenye tundu la umbo la mtu. Kaloyan kanisimamia kichwani: "Mzee ni wako, mfundishe." Nikampigia.

"Upande wa pili uko wapi, baba?"

"Mvua ilitukimbiza."

"Metodi kaniambia mvua ilianza jioni." Metodi ni fundi taa mwenzake, wamebeba nyaya pamoja tangu mimi sijaota meno.

"Basi nilisahau."

"Tangu lini wewe unasahau tufe?"

"Tangu nianze kuzeeka. Wewe una akili, kisia tu kilichokuwa nyuma yangu."

Nilikata simu bila kuaga. Denitsa, tunayekaa naye meza moja, alisikia yote na akafurahi, kwa sababu kukisia ndiyo dini yake. Anaifundisha programu moja kuitazama picha ya kawaida ya filamu, isiyo na tufe wala nini, na kukisia mwanga wote uliokuwa umeizunguka: kutoka kwenye kivuli cha pua ya mwigizaji, mng'ao wa chupa, ukuta ulivyofifia upande mmoja. Anailisha picha za miaka yote, kila picha ya kawaida pamoja na tufe lake, hadi ianze kuotea yenyewe.

"Ikihitimu hii," akasema, "baba yako ataweka tufe kabatini apumzike."

"Kwa jinsi anavyofanya kazi siku hizi," nikamjibu, "ameshapumzika."

12 Oktoba

Upande mmoja. Upande mmoja. Upande mmoja. Nimekisia.

18 Oktoba

Niandike haya kabla sijalala.

Leo asubuhi nimefungua tufe la kwanza, la kipande cha kisimani, na katikati kulikuwa na watu wawili. Nilitukana. Nikavuta picha karibu ili nimfute wa pili kwanza, nikaona ni Metodi, na nikaona kwamba mkono wake umepita chini ya kwapa la baba. Hakuwa anapita njia tu. Alikuwa amemshikilia asianguke. Na baba, huku ameshikiliwa hivyo, mkono mmoja uko kwenye waya wa kamera na mwingine umeinua kofia.

Nikazitafuta picha za Septemba kama zilivyokuja, kabla sijamfuta. Nikazipanga kwenye kioo cha kompyuta moja baada ya nyingine. Koti ni lile lile, kwa hiyo ni rahisi kulinganisha. Mwezi wa tisa mwanzoni mabega yanalijaza. Mwisho wa mwezi linaning'inia. Oktoba ni kama limetundikwa kwenye msumari. Mimi mwenyewe niliandika humu kwamba amenunua suruali nyembamba. Nimempitia kila siku, sehemu baada ya sehemu, kichwa, bega, mguu, na sikumwona.

Nilitoka nje kwenye ngazi nikampigia Metodi.

"Metodi, baba ana nini?"

"Umeona, eh? Nilimwambia utaona tu."

"Ana nini?"

"Mapafu, binti yangu. Tangu kiangazi. Daktari alimwambia akae nyumbani, akaja huku. Kaniapisha nisikwambie, na mimi mjinga nikaapa."

"Na upande wa pili? Kwa nini hapigi upande wa pili?"

"Kulizunguka tufe kunammaliza pumzi. Akifika upande wa pili hawezi hata kushika kamera. Anasema heri upande mmoja ulionyooka kuliko mbili za kutetemeka. Anasema wewe utajua cha kufanya."

Nilirudi mezani. Denitsa akaniuliza kama ni mafua. Nikamwambia ndiyo.

20 Oktoba

Nimepanda basi hadi kijijini walikopiga kambi. Ukungu njia nzima. Nilimkuta kwenye nyumba ya wageni, amekaa karibu na jiko la kuni na bakuli la supu ya maharage asiyoinywa. Aliponiona aliinua kofia kidogo, kama kwenye tufe, halafu akaishusha haraka.

"Nani kakuita?"

"Tufe limeniita. Ulisahau kwamba ni kioo?"

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kuisha. Nilimshika mgongo. Chini ya lile koti hakuna mgongo, kuna mifupa.

"Twende nyumbani, baba."

"Vimebaki vipande vichache vya dubu."

"Dubu hayupo! Hakuna dubu!"

"Ndiyo maana," akasema taratibu, kama ananifundisha kufunga kamba za viatu. "Aliyepo anajipatia mwanga mwenyewe. Asiyekuwepo lazima mtu amwekee."

Nililia, na sioni haya kuandika kwamba nililia mbele ya mpishi na wabeba kamera wawili. Nilimwambia nina hasira naye. Nilimwambia hata hili amenificha, kwamba miaka yote ya utoto wangu alikuwa upande mwingine wa kamera, na sasa anataka kufa huko huko. Alisukuma bakuli lake upande wangu.

"Kula wewe, inapoa," akasema. Baadaye kidogo akasema, "Mama yako alikuwa anajua kukaa na watu. Mimi nilijua kuwapiga picha. Nilidhani ni kitu kimoja."

22 Oktoba

Kaloyan ameniruhusu nibaki kwa wiki. Baba anapiga upande wake amekaa, mimi nabeba kamera nazunguka upande wa pili, na yeye ananikemea kutoka kwenye sanduku lake: "Chini! Chini zaidi! Unalipiga tufe, hulipigi mbingu!" Wabeba kamera wanachekelea. Metodi ananong'ona kwamba hajamsikia akifoka hivyo tangu Agosti, na kwamba ni dalili nzuri. Hata yeye haamini anachosema.

23 Oktoba

Kwenye tufe la leo, la daraja la mawe, tumo wote wawili. Mimi nilikuwa nimechelewa kutoka. Yeye amekaa, kofia juu, mimi nimeinama nyuma yake nikimfunga skafu. Ndiyo picha pekee niliyo nayo ya mimi na baba, na imepinda kama kitu kilichoonekana kwenye kijiko.

Nikamwonyesha. Akaitazama sana.

"Kazi mbaya," akasema. "Tufe zuri ni lile ambalo ukilitazama hujui nani alilipiga. Futa."

"Hii nitaifuta kwa ajili ya dubu tu. Nakala yangu inabaki."

"Fanya utakavyo," akasema, na sikuwa nimemwona akiwa na furaha vile kwa muda mrefu.

2 Novemba

Hospitali, Plovdiv. Mvua.

6 Novemba

Anauliza kama kuna theluji huko juu. Kipande cha mwisho kinangoja theluji: mzee wa filamu anamwacha dubu wake msituni na kuondoka. Nikamwambia bado. Akasema theluji ni ngumu, inarudisha mwanga kutoka chini, wasije wakasahau kuweka tufe.

10 Novemba

Hali ni ile ile. Shangazi amelala kwenye kiti siku nzima, mdomo wazi.

14 Novemba

Baba amefariki alfajiri ya leo. Tulikuwepo mimi, shangazi na Metodi. Nje kulikuwa kunaanza kupambazuka, na mwanga uliingia kutoka upande wa kushoto, wa kijivu, laini, bila kivuli. Niliuona nikaupima kichwani. Sijui kutazama chumba kwa namna nyingine, yeye ndiye aliyenifanya hivyo.

15 Novemba

Shangazi anataka picha ya tangazo la msiba, la kubandika kwenye mlango wa jengo, kwenye kituo cha tramu na kwenye mlango wa kanisa. Tumetafuta kwenye droo zote. Kuna ya jeshini na ya kitambulisho, ambayo anaonekana kama mtu aliyekamatwa.

"Mtu kafanya kazi ya kamera maisha yake yote!" shangazi akalia. "Hana hata sura moja ya kufia!"

Nikafungua kompyuta. Nikatafuta tufe la Septemba, siku ya jua, kabla koti halijampwaya. Nimefanya kazi siku nzima kuinyoosha picha: pua imerudi mahali pake, mabega yamenyooka, anga nyuma yake limebaki na mkunjo kidogo. Ameinua kofia. Msimu mzima nimekuwa nikimtoa humo, leo nimemtoa na kumweka mkononi.

Shangazi aliishika karatasi kwa mikono miwili. "Mwone," akasema. "Anaaga kabisa."

17 Novemba

Tumemzika kando ya mama. Tulimimina divai kaburini, tukagawa ngano ya kuchemsha kwenye vikombe vya karatasi. Kaloyan na Denitsa walikuja. Metodi alikuwa amevaa suti ambayo haifungi.

Wakati tunatelemka kuelekea langoni nilimwambia Metodi, ili tu nisinyamaze, kwamba watu wote wananisifu kwa ile picha ya kofia. Nikasema baba alikuwa na mazoea ya ajabu, kujipepea hata siku ya mawingu.

Metodi akasimama. "Kujipepea? Nani kakwambia?"

"Yeye."

"Muongo mkubwa yule." Akajifuta macho kwa kiganja. "Ilikuwa kabla ya kubonyeza, kila mara. 'Subiri, Metodi, nimsalimie binti yangu, yuko huko ndani.' Nikamwambia, mzee, si umpigie simu? Akasema kwenye simu mnagombana. Akasema, 'Humu ananitazama kutoka kichwani hadi miguuni, haachi hata sehemu.'"

Sikumbuki nilifikaje langoni.

24 Novemba

Nimerudi kazini. Habari moja mbaya: kipande cha theluji walikipiga ile ile tarehe kumi na nne, theluji ilianguka asubuhi na mwelekezi wa filamu hakutaka kuipoteza. Metodi alikuwa nasi hospitali. Hakuna aliyekumbuka tufe.

Kaloyan hakufoka. Alisema tu, kwa sauti ndogo, kwamba sasa itabidi programu ya Denitsa ikisie.

26 Novemba

Denitsa ameilisha programu picha za theluji. Imekisia vizuri kuliko tulivyotegemea: anga zito, mwanga wa chini kutoka kwenye theluji, jua kidogo nyuma ya misonobari. Tukamweka dubu. Akakaa vizuri, isipokuwa upande mmoja wa mbavu una kiza kidogo, chenye wekundu. Tukafungua ule mwanga uliokisiwa tuutazame wenyewe, kama picha. Mbele, pale anaposimama kila mpiga picha, kulikuwa na doa. Refu kidogo, lenye ukungu. Juu upande mmoja lilikuwa na ncha.

"Mti?" Denitsa akauliza. "Mbona mti umekuja mbele?"

Akajaribu picha nyingine, ya chumbani. Doa lipo. Akajaribu picha aliyoipiga yeye mwenyewe kwa simu, sokoni, mama mmoja akiuza makabeji. Doa lipo, na ncha yake.

Mimi nilikuwa nimeshajua.

28 Novemba

Kosa ni la folda. Denitsa alikuwa ameilisha programu matufe ghafi, yale yanayotoka mlimani, badala ya yale niliyoyasafisha. Miaka yote ya matufe, na nyuma ya karibu yote amesimama mtu mmoja, koti moja, na msimu huu mkono uko juu. Programu haikuambiwa kwamba huyo mtu hatakiwi. Imejifunza kwamba popote palipo na mwanga, mbele yake kuna Stamen, baba yangu.

Denitsa alilia kuliko mimi. "Nisamehe, Bilyana. Jamani, nisamehe."

"Hilo si la kuombea msamaha," nikamwambia. "Umefanya kitu ambacho mimi sikufanya."

Kaloyan akafunga mlango. Alitafuta maneno, maskini, alikuwa anaikunja na kuikunjua karatasi ya chapati ya jibini. "Lazima ifundishwe upya. Kwa matufe safi. Mengine ya zamani hayajawahi kusafishwa kabisa, miaka kabla hujaja. Nikimpa mtu mwingine..."

"Usimpe mtu mwingine."

"Basi utafanya wewe?"

"Sijasema nitafanya."

1 Desemba

Sijafanya. Nimekaa siku nzima naingiza picha kwenye programu: barabara ya Vitosha, jiko langu, albamu ya bahari ya Varna. Mama na mimi mchangani, nina ndoo ya plastiki. Nikaiambia ikisie. Ikakisia jua la mchana, bahari, na mbele yetu yeye.

Na pale, kwa mara moja, ilikuwa sahihi. Ni yeye aliyekuwa amesimama pale.

3 Desemba

Shangazi anadhani nakonda kwa ajili ya mfungo wa Krismasi.

Nakala za picha ninazo, si hilo. Picha ni picha. Programu haina picha, ina mazoea. Ukiionyesha mahali popote duniani inamtegemea awepo. Hakuna mtu mwingine anayefanya hivyo sasa. Hata mimi jana nilipita mbele ya tangazo lake mlangoni, mvua imeshaanza kulichubua, nikapita nikiwaza bei ya mafuta ya kupikia. Nikiisafisha, itasahau, na itasahau vizuri, kwa sababu mimi ni fundi mzuri. Nisipoisafisha, dubu wa kipande cha mwisho atakuwa na ubavu mchafu, na watu watakaa gizani kwenye sinema wanauliza nani aliharibu kazi. Jina litakuwa lake.

4 Desemba

Nimeanza. Tufe zuri ni lile ambalo ukilitazama hujui nani alilipiga.

5 Desemba

Nafuta.

9 Desemba

Nafuta. Nimefika miaka ambayo nywele zake zilikuwa nyeusi. Kwenye tufe moja anakula tufaha. Kwenye lingine amegeuka anamcheka mtu, na mtu huyo ni Metodi aliyekuwa mwembamba kama waya zake. Simpiti haraka tena. Kabla ya kumfuta namtazama kutoka kichwani hadi miguuni, siachi hata sehemu.

12 Desemba

Theluji Sofia.

18 Desemba

Nimemaliza. La mwisho niliacha liwe la darajani, la sisi wawili, ambalo sikuwa nimeligusa tangu Oktoba. Nilianza kujifuta mimi, kisha skafu, kisha yeye. Likabaki daraja. Denitsa akabonyeza, programu ikaanza kujifunza upya, na sisi tukaenda kunywa rakia, ile pombe kali ya matunda.

21 Desemba

Nimeingiza tena picha ya bahari ya Varna. Imekisia jua, bahari, mchanga. Mbele yetu kumebaki anga tupu, na mwanga unatupiga usoni bila kizuizi.

Nimelia sana leo.

25 Desemba

Jana tuliandaa meza na shangazi: maharage, dolma za majani ya kabeji yaliyofungiwa wali, bila nyama, mkate, matunda makavu, vitunguu saumu. Arobaini yake ilikuwa juzi, tukaunganisha. Kama kawaida hatukutoa vyombo, tuliviacha vilivyo ili marehemu wapite wale. Asubuhi shangazi akaapa kwamba mkate umepungua.

"Ni mimi, shangazi. Nilikula."

"Wewe ulikula huku. Mimi nasema upande ule."

Sikubishana naye.

14 Januari

Mwelekezi anataka kipande kimoja kirudiwe, dubu akiwa peke yake kwenye theluji, kamera karibu zaidi. Nimeomba kwenda na tufe mimi mwenyewe. Metodi alinikabidhi likiwa limefungwa kwenye fulana kuukuu ya baba, ile aliyokuwa akilipangusia. Nimevaa koti la kijivu. Jekundu nimeliacha nyumbani kwenye msumari, theluji ni nyeupe mno kwa koti lile.

Nililiweka tufe pale atakaposimama dubu. Nikarudi nyuma, nikainama. Misonobari yote ilikuwa humo, na mbingu, na Metodi kule pembeni akipiga chafya, na katikati mtu mdogo wa kijivu mwenye waya mkononi. Nilivua kofia nikaiinua. Nikabonyeza, nikazunguka upande wa pili, nikaiinua tena.

Mchana Denitsa akanipigia kutoka ofisini. Yeye ndiye aliyepewa kunisafisha.

"Picha ni nzuri sana," akasema. "Ila mbona mkono uko juu? Kuna kitu kimeharibika huko?"

"Hapana," nikamwambia. "Futa tu."